Pensheni ya mguu wangu, na jinsi mke wangu alivyogeuka fundi wa suruali Biryogo

Wakuu, kwema humu ndani?

Juzi kuna mwanajukwaa kauliza: analipwa pesa ya ulemavu kila mwezi, anataka kufungua kibanda cha kuchaji simu, je, wakijua watamkatia? Mkamjibu kwa utani na kejeli kama kawaida yenu.

Mimi hayo nimeyapitia hapa hapa Kigali, kabla wengi wenu hamjazaliwa. Nasimulia kama yalivyokuwa, sitii chumvi. Wale wa "weka picha", poleni. Wakati ule picha ilikuwa ya harusi tu.

Nilizaliwa Biryogo, pale Nyamirambo. Babu alikuja na wafanyabiashara kutoka pwani, akaoa huku, akabaki. Baba alikuwa fundi cherehani. Mjini walituita Waswahili, na bahari yenyewe sijaiona mpaka leo.

Nilikulia chini ya meza ya baba nikiokota vipande vya nguo, kwa hiyo ufundi niliujua. Lakini ujana, bwana! Niliona kushona ni kazi ya wazee, nikaenda kupakia malori ya kahawa.

Miaka ya themanini mwanzoni, magunia yakaporomoka ghalani yakaniangukia. Mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Wa kushoto ukapona, ila goti likagoma kukunjika, likawa gumu kama mchi.

Ofisi ya pensheni ikaanza kunilipa kila mwezi. Haikuwa pesa ya kutamba, lakini ndiyo iliyoleta maharage na kulipa chumba. Ndani tulikuwa mimi, mke wangu Zaituni, na binti yetu Hadija, bado ananyonya.

Sasa wakuu, kukaa bure kunachosha kuliko kubeba magunia. Asubuhi naona wenzangu wanapita kwenda kazini, jioni wanarudi, nipo pale pale mlangoni. Nilifika mahali nikawa nagombana na kuku wa jirani.

Zaituni alikuwa na cherehani ya mkono, mama yake alimpa alipoolewa. Siku moja akaitua mbele yangu.

"Baba Hadija," akasema, "mguu ndiyo imeenda. Mikono iko. Shona."

Kwa msioijua: cherehani ile mkono wa kulia unazungusha mpini, wa kushoto peke yake unaongoza kitambaa. Kwa kiraka inatosha. Kwenye kola ni mateso. Ile ya kukanyaga kwa miguu ndiyo usinitajie kabisa.

Basi Zaituni akakaa ubavuni kwangu, akashika mpini, akawa anazungusha yeye. Mimi nikabaki na mikono yote miwili kwenye kitambaa.

Kola zikatoka zimenyooka, wakuu, hata marehemu baba angezikubali. Tukazoeana. Nikifika kwenye kona anasimamisha kabla sijasema kitu. Nikienda upande, anapunguza mwendo na kuguna. Tulikuwa tunaongea mambo ya nyumba, ya watu, ya Hadija, huku mpini unazunguka. Nilikuwa na furaha, nasema kweli, na mguu mmoja.

Tatizo likawa pensheni.

Barazani kila mtu alijua habari moja: wakikuona unafanya kazi, wanakata. Hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda kuuliza, lakini wote walikuwa na uhakika. Nami nikaamini. Tukakubaliana kwamba kwa watu, fundi ni Zaituni. Mimi nakaa tu nyuma ya pazia.

Hapo ndipo tulipoharibu.

Kwetu fundi anakaa nje barazani, mteja anamwona akikata kitambaa chake. Mafundi kwa kuiba vipande vya watu mnatujua. Sisi tukawa tunakata ndani. Halafu Zaituni ni mke wa mtu, Mwislamu, hawezi kumpima mwanamume kiuno. Nguo za kina mama zilikuja, hakuna shida. Lakini Idi ilipokaribia, wanaume wakaanza kuleta kanzu na suruali. Ikabidi waingie ndani niwapime mimi, na kila mmoja nikamwomba asiseme kwa mtu.

Na kweli hawakusema! Watu wa Biryogo safari ile waliamua kutunza siri.

Jirani akawa anaona hivi: mwanamume anaingia kwa pazia la Zaituni, anakaa kidogo, anatoka anafunga mkanda. Akiulizwa alifuata nini, anajibu, "Hakuna kitu."

Chekeni tu. Mimi sikucheka.

Aliyeniambia ni Mama Shabani, tuliyepakana naye ukuta. Alikuja Zaituni akiwa sokoni, akakataa hata kukaa.

"Sha, mimi nakuambia juu wewe iko kama mdogo wangu," akasema. "Watu wanasema bibi yako iko anapokea wanaume, na wewe unanyamaza juu huna mguu. Pale kwa robine wamama hawamusalimie tena."

Robine ndiyo bomba la maji la mtaa. Nikakumbuka wiki zile Zaituni alivyokuwa anarudi na ndoo kimya, nami nikidhani ni uchovu. Moyo uliniuma kuliko siku ya magunia.

Aliporudi nikamuuliza kama anajua.

"Najua," akasema. "Ningefanyaje? Nikisema kweli wanakata ile pesa. Hadija atakula nini?"

Alikuwa amebeba aibu yote ile peke yake, kwa ajili ya pensheni yangu. Nilishindwa kumtazama usoni.

Kesho yake asubuhi nikamwambia, "Toa cherehani nje."

"Na pensheni?"

"Iende."

Nilisema kwa sauti kubwa kama mwanaume, nikashika magongo nikatangulia nje. Tukakaa barazani wazi kabisa. Yeye anazungusha, mimi nashona kanzu, na nguo za wanaume walioingia ndani nikazitundika kwenye kamba mbele ya macho ya mtaa. Wenyewe wakapita wakazitambua. Mmoja akavaa suruali yake pale pale juu ya aliyokuwa nayo, akazunguka watu waione.

Mama Shabani akapiga makofi. "Yewe! Kumbe fundi ni huyu!"

Jioni Zaituni alienda bombani, akachelewa kurudi. Walikuwa wanamsimamisha kuongea naye.

Lakini raha ile nilijua ina bei. Nikaona heri niende mwenyewe ofisini kabla hawajapelekewa maneno. Nikavaa koti la marehemu baba. Njiani nilikuwa najifunza kuishi bila ile pesa.

Bwana wa ofisini alikuwa amevaa tai, hana haraka. Nikamweleza yote: cherehani, pazia, barazani. Nikamaliza nikainamisha kichwa kama mtu anayesubiri kiboko.

Akachungulia chini ya meza.

"Musiyo, mguu imeota?"

"Hapana."

"Sasa mimi nikate nini? Ile pesa ya kuumwa, wakati ulikuwa kitandani, ungefanya kazi tungesimamisha. Hii sasa iko ya mguu. Mpaka mguu irudi." Halafu akaniuliza kama nashona na makoti.

Wakuu, nilitoka pale nacheka na kulia. Pazia lote lile, maneno yote yale, kwa swali ambalo sikuuliza.

Nilipomwambia Zaituni hakucheka. Akashika mpini. "Leta kitambaa," akasema, "tumechelewa."

Tukashona pale barazani miaka mingi. Hadija alikua akilala na sauti ya ile cherehani. Soko la Kimironko mnakokwenda leo kutafuta mafundi, wakati ule kwetu ilikuwa safari ya mbali. Watu walikuja Biryogo, na wakifika waliuliza, "Wale wawili wa cherehani moja wako wapi?"

Kwa hiyo wewe uliyeuliza: usiende kwa watu wa barazani, wala kwetu humu jukwaani. Nenda kwa wanaokulipa, uliza pesa yako ni ya nini. Sheria zinabadilika na kila nchi ina zake. Na ukiwa na mwenzako, muulize anabeba nini kwa ajili yako, maana anaweza asikuambie.

Waliopitia kama haya wamwage uzoefu wao hapa chini. Nikichelewa kujibu mjue niko kwenye cherehani, ile ile. Zaituni alitangulia mbele ya haki. Hadija alininunulia ya umeme, ipo kwenye boksi. Nazungusha mwenyewe kwa mkono mmoja, na kola zangu siku hizi zinatoka upande.