Neno la Kuanika

Dagaa wabichi hawanuki vibaya kama watu wa mjini wanavyodhani. Wananukia maji ya ziwa, na jua likishawapiga saa mbili tatu harufu huwa nzito, yenye chumvi ambayo hakuna aliyeitia. Harufu hiyo ililala nasi kule Igombe, ikaenda nasi kanisani, na shuleni ikanipatia jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Biashara yetu ilikuwa nyumba nzima. Baba alishuka mwaloni, mitumbwi inapotua, alfajiri kununua dagaa kwa wavuvi, na akishatua ndoo uwanjani, kazi yake imekwisha. Yaliyobaki yalikuwa ya mama. Yeye ndiye aliyeamua kama dagaa waanikwe au wakaangwe upesi kabla hawajaharibika. Alitoka uani, akanusa upepo, akatazama upande wa visiwa, kisha akasema, "Tuanike," au, "Leo hapana." Baba, mtu wa maneno mengi huko mwaloni, alingoja neno hilo kimya pamoja na sisi watoto.

Masika ya mwaka niliokuwa darasa la sita hakuna aliyekaa kitako nyumbani kwetu. Mvua ilikuja, ikaondoka, ikarudi kama mtu aliyesahau kitu. Tulikula tumesimama. Mama aliacha mboga jikoni kwenda kugeuza dagaa kwenye chanja za fito, baba alichungulia mlangoni mara kumi, na mimi hata darasani roho ilikuwa juu juu. Dagaa wakinyeshewa hugeuka manjano, na hao hununuliwa na watu wa chakula cha kuku tu. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa mawingu. Naitwa Kabula, jina la wasichana wa Kisukuma waliozaliwa mvua ikinyesha, na wajomba walinitania kwamba mvua ni ndugu yangu, lazima itanipa habari kabla ya wengine. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, na nikiona wingu limefunika visiwa, nipige debe ili majirani waje tufunike chanja kwa turubai. Bila watu sita turubai lile halikutandikika.

Jumamosi moja mama alisema tuanike, tukajaza chanja zote. Kisha akajitwika mahindi kwenda mashineni kusaga.

"Kabula, usishuke hapo mpaka nirudi."

"Ndiyo, mama."

Nilikaa. Lakini mimi na kukaa hatujawahi kupatana. Rehema, binti wa jirani aliyejua kusuka kuliko wote, aliniita: ana nafasi sasa, baadaye hana. Nikajiambia ni dakika chache tu. Dalili ya mvua ni mawingu, ila aliyeinamishwa kichwa kati ya magoti ya msusi huona nini zaidi ya vumbi? Nilisikia tone la kwanza juu ya bati. Nikakimbia, nikapiga debe mpaka likabonyea, na majirani walipofika hapakuwa na cha kuokoa.

Baba alirudi akakuta chanja zinachuruzika maji. Mama naye aliingia na unga wake kichwani.

"Mama Kabula, ni wewe uliyesema tuanike leo?"

"Ni mimi."

"Na wingu lote lile hukuliona?"

Mama alinitazama. Upande mmoja wa kichwa changu ulikuwa na mistari safi, upande wa pili timutimu. Ushahidi wote ulikuwa hapo, na baba hakuutazama. Nilifungua mdomo. Nikaikumbuka fimbo yake, nikaufunga.

"Nilikosea," mama akasema.

"Basi kuanzia leo neno la kuanika ni langu."

Alilisema mbele ya majirani, na neno lililosemwa mbele ya majirani halirudi. Mama mmoja alimpoza mama yangu kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jioni mama alinikalisha chini akamalizia ule upande uliobaki, akivuta nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nami, mwoga, sikuungama. Tangu siku hiyo baba aliamua, mara akapatia, mara akatuharibia ndoo nzima, na mama hakumpinga hata alipoona anakosea. Aibu hiyo nimekua nayo.

Baba sasa ni marehemu, na mama anaishi nami. Mimi na mume wangu tunaanika dagaa wetu, chanja zetu ni ndefu kuliko za zamani, na simu inatutabiria mvua kwa kiburi ingawa hukosea. Bado siwezi kukaa. Mwezi uliopita nilipiga magoti mbele ya mama nikamweleza yote ya Jumamosi ile.

"Nilijua, mwanangu. Yamepita."

"Basi leo niambie wewe, mama. Tuanike?"

Niliona pua yake ikinusa upepo. Hakuinua macho.

"Muulize mume wako."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi nilishaacha mambo hayo."

Simu ilisema jua, tukaanika. Saa sita mvua ilishuka ghafla. Nilitoka mbio, nikamkuta mama ameketi barazani, amevaa mabuti yake ya mvua tangu asubuhi.