Wimbo Hauingii Bila Hodi

Wanaosimulia mambo ya namna hii hupenda kuanza na usiku wa manane, hakuna mbalamwezi, bundi analia. Mimi sina kisingizio cha giza. Yangu yalinikuta Jumapili mchana, jua la Kisarawe likiwa utosini, tumbo limeshiba pilau ya harusi, na kinywani sikuwa nimetia hata tone la pombe. Wanaonijua watakwambia naongeza chumvi kwenye habari za mpira tu. Hii ni ya kweli, na nitaisema kama ilivyokuwa.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa fundi redio pale Maili Moja, Kibaha. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, kazi ndiyo iliyonileta pwani. Mchana nilikuwa nachomelea waya, na Jumamosi jioni napiga santuri kwenye ukumbi wa Mama Aikande, mama wa Kichaga, Mlutheri wa benchi la mbele, aliyeuza soda na bia na hakutaka mchezo kwenye kazi. Mashine zangu mbili za santuri nilizifufua mwenyewe kutoka kwenye chakavu. Niliziunganisha na amplifaya moja yenye vifundo viwili vya sauti, kila mashine na kifundo chake, zote zikila betri ya gari. Kwa kuunda vyombo sikuwa na mpinzani.

Tatizo lilikuwa mpigaji. Mjini Dar alikuwapo DJ mmoja ambaye kila kijana alikuwa akimsifu, nami nilimwiga kila kitu. Santuri anayofungulia ndiyo niliyofungulia. Kofia yake, mpangilio wake wa nyimbo, hata kile kikohozi chake kabla ya kusema, vyote nilivibeba. Wimbo ukiisha nilikuwa nashika maikrofoni na kumwaga maneno yake, nusu Kiswahili, nusu Kizungu cha kuokoteza. Nikija kumaliza, watu wameshakaa, wengine wako nje wanapunga upepo. Kuwainua tena ilikuwa kazi ya kusukuma gari bovu.

Mama Aikande alikuwa na desturi ya kufunga ukumbi Kwaresima nzima. Mwaka huo, siku ya kufunga, aliniita kaunta na kuniambia taratibu, "Mwanangu, Jumatatu ya Pasaka watu wakikaa tena, nitamwita yule wa Dar mwenyewe. Kwa nini ninywe chai ya majani yaliyokwisha chemshwa?"

Yaliniuma kweli. Fundi redio hakumbukwi na mtu redio ikishapona, lakini nyuma ya zile mashine mbili ndipo nilipokuwa mtu mwenye jina. Nikipokonywa pale, nabaki na nini?

Katikati ya Kwaresima rafiki yangu Saidi, dereva wa pikapu, alinichukua nikapige muziki kwenye harusi ya binamu yake huko Mzenga, Kisarawe, alikozaliwa. Nikaenda na kofia yangu na kikohozi changu. Unafikiri ilikuwaje? Nyimbo chache za mwanzo walicheza. Kisha nyuma ya nyumba ngoma ikaanza kulia, na kila niliposhika maikrofoni kundi likahamia huko. Mwisho alihama hata bwana harusi. Mimi nikabaki na mbuzi mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kuwa pilau.

Kesho yake, Jumapili, tuliondoka tumechelewa, maana wenyeji hawakukubali tuondoke bila kula. Miaka ile mafuta yalikuwa shida, na Jumapili ikipita saa nane mchana gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani bila kibali. Saa nane ikatukuta njiani. Saidi hakutaka matatizo na mgambo, akaegesha pikapu kwenye kivuli cha mikorosho, akarudi Mzenga kwa miguu kutafuta kibali kwa katibu kata. Nikabaki mimi na vyombo vyangu.

Mahali penyewe palikuwa mahame, kijiji kilichoachwa watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Kuta za udongo zimeanguka, miti ya fenesi bado inazaa. Sikuona la kuogopa. Watu walikuwa wakirudi mara kwa mara kuchuma korosho zao na kufyeka kidogo. Nikaona bora nifanye mazoezi ya Pasaka kuliko kukaa bure, nikapanga mashine nyuma ya pikapu, nikaweka ile santuri ya kufungulia.

Haikufika hata nusu, mama mmoja akatokea nyuma ya mfenesi. Mnene, mtu mzima, kanga mbili, anakuja anacheza. Si kucheza kwa kujaribu. Mabega yalikuwa yanajua wimbo unaelekea wapi kabla haujafika. Nikamwamkia shikamoo.

Hakuitikia marahaba. Aliuliza kabila langu, na aliposikia Mnyamwezi akaangua kicheko. Shikamoo hiyo nikawape wenye mizigo yao, alisema, kwani babu zangu waliwabebea hadi pwani, na leo anaona mjukuu kabebeshwa masanduku yanayopiga kelele. Unajua tena, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani hukutukana mchana kweupe, na ukinuna umeshindwa. Nikamjibu kwamba Mzaramo akisikia ngoma hutupa jembe, na bila shaka la kwake liko kichakani huko. Akafurahi sana. Tukawa marafiki.

Wimbo ukaisha. Nikakohoa, nikashika maikrofoni, nikaanza maneno yangu ya Dar. Nilipoinua macho, mama hayupo. Kiwanja kitupu, majani makavu ya mkorosho, basi. Nikadhani amekwenda haja. Nikaweka santuri ya pili, na sindano ilipogusa tu, alikuwa pale pale, mguu mmoja bado juu, akimalizia hatua aliyoianza kwenye wimbo uliopita.

Nikajiambia ni jua. Ukishiba pilau macho hufanya utundu. Lakini wimbo wa pili nao ukaisha, na safari hii nilikuwa namtazama. Hakutembea, hakugeuka. Sauti ilipokwisha naye alikwisha. Nikaweka wa tatu, akarudi, kanga imepinda vile vile.

Niliogopa, sikufichi. Nilitaka kukimbia, lakini kukimbilia wapi? Na nikinyamazisha muziki, nitajuaje amesimama upande gani? Nikabaki nimeshika kifundo. Yeye akasogea mpaka kwenye bodi ya pikapu, bado anacheza, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nazi:

"Mtani, huyo anayekohoa humo ndani ni nani? Maana wewe siye."

Nikaiweka maikrofoni chini.

"Na wimbo wako unakufa mwenzake hajafika," akaendelea. "Mimi nikae wapi hapo katikati?"

Pamoja na hofu yote niliyokuwa nayo, swali lile lilinigusa ufundi wangu. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa akinieleza ugonjwa wa muziki wangu, na nilielewa. Nikamuuliza basi nifanyeje.

"Kwenu mnaingia nyumba za watu bila hodi? Mwambie huyo mwenzake apige hodi wakati mwenye nyumba bado yumo."

Wimbo ulikuwa unakaribia mwisho, pale magitaa yanapopungua ngoma zikabaki. Nikaweka santuri nyingine kwenye mashine ya pili, kifundo chake kikiwa chini. Nikakipandisha kidogo, nikakishusha. Hodi. Nikakipandisha tena, nikakishusha. Hodi. Mwendo wake ulikuwa wa haraka kidogo, nikauzuia kwa ncha ya kidole ukingoni mwa sahani mpaka ngoma zake zikapatana na za wimbo uliokuwa ukiimba. Hodi ya tatu nikaiacha iingie, na ule wa kwanza nikaupunguza pole pole kama mwenyeji anayempisha mgeni kiti.

Hakupotea. Alipiga kigelegele ambacho nakisikia mpaka leo.

Tukaendelea hivyo. Chacha ikaipigia rumba hodi, kisha ikaukaribisha wimbo wa soul, na sikukohoa wala kumkumbuka DJ wa mtu. Nilikuwa na furaha, niamini, furaha ya kijinga kabisa kwa mtu aliye peke yake na mzuka. Peke yake? Hapo ndipo nilipotazama chini. Vumbi lilikuwa likitimka kiwanja kizima, huku na kule, kwa mpigo mmoja. Na mchezaji niliyemwona alikuwa mmoja.

Betri ndiyo iliyoamua. Sauti ikaanza kuvutika, ikazama, ikakata. Vumbi likatua. Nilisikia miluzi ya Saidi kabla sijamwona, anakuja na kibali, analalamika kuwa katibu kata alikuwa amelala kwa ile ile pilau yetu.

Wakati wa kufunga vyombo santuri moja haikuonekana, na si nyingine, ni ile ya kufungulia. Bila hiyo Pasaka yangu ilikuwa haina mwanzo. Tukatafuta kila mahali. Nyuma ya mfenesi Saidi akasimama. Palikuwa na kaburi limepambwa kwa sahani na bakuli, kama makaburi mengi ya wazee wa pwani, na katikati ya zile sahani imelala santuri yangu, nyeusi, safi, haina hata mkwaruzo.

Nikamweleza yote. Saidi hakucheka. Alisema kaburi ni la Bi Tabu, mwimbishaji wa ngoma wa kijiji kile, mama ambaye enzi zake ngoma haikukatika tangu jua lichwe mpaka lichomoze. Operesheni ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa ilipokuja, waliohamishwa walikuwa walio hai tu. Nikanyoosha mkono nichukue santuri yangu, akanishika.

"Iache. Mtani akichukua, amechukua."

Ni kweli, ndiyo sheria ya utani. Nikaiacha. Nilitoa na kofia, nikaiweka pembeni yake, asije akaona mimi mchoyo.

Jumatatu ya Pasaka ukumbi ulijaa. Sikuwa na wimbo wa kufungulia, sikuwa na maneno, nilikuwa na hodi tu. Wimbo ulipiga hodi, ukakaribishwa, watu wakashindwa kupata mahali pa kukaa kwa sababu hapakuwa na mwanya. Wengine walianza kuitikia "karibu" kila nilipotikisa kile kifundo. Mama Aikande alikuja mwisho, viatu mkononi, akaniuliza leo yule mkohozi wangu kaenda wapi. Nikamwambia amefariki. Akasema apumzike kwa amani, na habari ya mtu wa Dar hatukuizungumza tena. Yule DJ mwenyewe alikuja siku nyingine, akasimama kando ya mashine akiangalia vidole vyangu, akauliza nani amenifundisha. Nilimjibu mtani wangu mmoja wa Mzenga, na huo si uongo.

Kilichobaki kwangu ni hiki. Sijawahi tena kuuacha wimbo ufe peke yake. Mke wangu hunicheka, hata redio ya jikoni naishusha taratibu. Mara moja tu, kwenye harusi moja Dutumi, waya uliungua na muziki ukakatika ghafla. Watu walizomea, wakacheka, na katikati ya kelele zao nilisikia kwenye spika isiyo na umeme sauti ya mwanamke ikiuliza taratibu, "Nikae wapi, mtani?" Nilichomelea waya ule kwa haraka ambayo sijawahi kuirudia.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukipita na redio mahali penye mifenesi na nyumba zilizoanguka, cheka, imba, na ukitaniwa na usiyemjua, mjibu. Lakini usiuzime muziki ghafla. Upunguze pole pole. Huwezi kujua ni nani amesimama ndani yake.