Sinia la Kamati ya Bajeti

Asubuhi Nyawal huuza chai mtaa wa Munuki, Juba, na ikifika saa nne anakuwa mheshimiwa. Anamwaga majivu, anafunga kibanda cha mabati, anajitupia lawa begani, ile shuka ya maua ambayo mwanamke wa Juba haendi mahali pa heshima bila kuivaa, kisha anapanda bodaboda hadi kwenye baraza la madiwani. Mkataba wa amani ulipotaka viti vya wanawake vijazwe, wakubwa wa chama chake waligundua kwamba yule mama chai aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, anajua kusoma, wakamteua kuwa diwani. Mshahara wa heshima hiyo hupotea kwa miezi. Ndiyo maana birika halijastaafu.

Wateja hawajui kwamba anayefika kwanza kila siku ni marehemu. Maji yakianza kuchemka, Gatluak, kaka yake, huwa ameshakaa kwenye kiti cha plastiki akiangalia makaa. Alipigwa risasi Julai ile ya vita, na aliyempiga alijulikana kwa jina na kwa ukoo. Nyawal hamwogopi kaka yake. Anaogopa swali lake, maana ni lile lile kila siku.

"Hujala nao bado?"

"Bado, kaka."

Hapo ndipo Gatluak huondoka, na wenye bodaboda huanza kuja kudai sukari ya ziada.

Kwa watu wa Nyawal, damu isiyolipwa ni jambo la jikoni. Ndugu wa aliyeuawa na ndugu wa aliyeua hawali chombo kimoja wala hawanywi maji ya mtungi mmoja. Anayevunja mwiko huo hurudi nyumbani na mauti mikononi, na mauti hayo huanza na walio dhaifu: wazee, wajawazito, watoto wachanga. Damu hulipwa kwa ng'ombe. Lakini ng'ombe wa ukoo ule walisombwa na mafuriko, wa ukoo huu waliporwa, na muuaji mwenyewe aliuawa kwenye mapigano mengine. Hakubaki wa kulipa. Damu ndiyo iliyobaki, na ilibaki kati ya Nyawal na mwanamke mmoja aitwaye Amer, dada wa yule aliyefyatua risasi.

Sasa angalia maisha yanavyoweza kumchezea mtu. Amer naye aliteuliwa na chama chake kuwa diwani, na wote wawili wakapangwa kamati ya bajeti, kila mmoja akiongoza upande wake.

Kamati hiyo ilikuwa na pande mbili na fungu moja lisilotosha. Upande wa Nyawal ulitaka wodi ya uzazi ya Munuki ifunguliwe, kwa kuwa wakunga walikuwa wameacha kazi kwa kukosa mishahara na mlango umefungwa kwa mnyororo. Upande wa Amer ulitaka daraja la zege juu ya korongo ambalo watoto wa mtaa wake hulivuka kwenda shule, na ambalo mvua ikinyesha huwa mto. Kila upande ulikuwa na haki, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya. Ukibishana na mtu asiye na haki, angalau usiku unalala.

Mwenyekiti, mzee Fred, alikuwa amechoshwa na saini. Mtu alisaini asubuhi, jioni chama chake kikampigia simu, kesho yake akaapa kwamba hakuwapo. Kwa hiyo Fred akaweka utaratibu wake: bajeti haipiti mpaka viongozi wa pande mbili wale asida, ugali wa huku, kwenye sinia moja mbele ya kamati nzima. Wenye midomo mjini walicheka, wakasema bajeti nyingine huliwa kwa siri na hii inaliwa hadharani. Fred hakujali. Alijua kalamu hukanwa, lakini hakuna mtu wa huku anayethubutu kukana chakula alichokila na mwenzake.

Mwaka jana walikubaliana kila kitu. Sinia likaletwa na mchuzi wa bamia, Amer akanawa, Nyawal akanawa. Mara akamwona Gatluak amesimama nyuma ya kiti cha Amer, akitikisa kichwa taratibu. Nyawal akarudisha mkono mapajani. Bajeti ikaanguka papo hapo. Vyama vikatukanana redioni, na mvua zikaja bila kuulizia walifikia wapi.

Korongo lilimchukua mtoto wa dada yake Amer akitoka shule. Na Nyaruot, binti mkubwa wa Nyawal, alishikwa na uchungu wakati wodi ya Munuki imefungwa. Walimpakia kwenye raksha, ile pikipiki ya magurudumu matatu, kumkimbiza hospitali ya mbali. Barabara ilikuwa matope matupu. Alifariki kabla ya kufika, na mtoto tumboni. Asubuhi baada ya mazishi Nyawal aliwasha jiko kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, na Gatluak akaja, akakaa, akamwambia, "Umefanya vema, dada yangu. Hukula nao." Siku hiyo alimchukia kaka yake, yeye ambaye alikuwa amemlilia miaka yote hiyo.

Mwaka huu Suzan, binti aliyebaki, ni mjamzito. Anatembea ameshika kiuno na kucheka kama marehemu dada yake, na mama mtu kila akimwona anahisi baridi kwenye joto la Juba. Wodi bado ina mnyororo.

Kamati ilipokutana tena, Nyawal na Amer walitoka kwenda kuzungumza verandani, kila mmoja kwenye kiti chake. Walizungumza Kiswahili cha Kakuma, maana Amer naye alipitia kambi hiyo. Hakuna aliyekuwa tayari kutamka lugha ya mwenzake, na Kiarabu cha Juba kingesikiwa na masikio yote yaliyobanwa dirishani.

"Mheshimiwa," alisema Amer.

"Mheshimiwa."

"Mimi nilikuwa nataka zege. Lakini mbao pia inavusha mtoto. Wacha iwe daraja la mbao, la watu kupita kwa miguu tu. Gari isubiri."

"Mimi nilitaka wakunga watatu na paa mpya."

"Chukua wawili. Paa tutaziba na turubai."

Nyawal aliliona turubai hilo likivuja hata kabla halijanunuliwa. "Mmoja wa mchana, mmoja wa usiku. Haya. Kalas, yameisha."

"Watu wetu watasema tumewauza."

"Washaanza."

Kisha Amer akauliza, bila kumtazama, "Na sinia?"

"Unajua ya sinia."

"Najua. Hata kwetu ni hivyo hivyo. Mama yangu ameniambia, nikila na wewe nisirudishe hii mikono jikoni kwake." Akaikunjua, akaiangalia. "Nimesikia Suzan yako iko na mimba."

"Ndiyo. Siku zimekaribia."

"Basi usile, dada. Nitasema ni mimi nimekataa. Wacha wanitukane mimi."

Miaka yote hiyo Amer hakuwahi kumwita dada. Nyawal alitaka kukubali, na alitaka sana. Akiikataa asida, Suzan atasalimika na mauti ya mwiko lakini atakwenda kujifungulia kwenye raksha. Akila, wodi itafunguka, na yeye mwenyewe atakuwa hatari kwa binti yake. Hapakuwa na mlango wa tatu, ila ale kisha akae mbali na binti yake.

"Na wodi?" aliuliza.

Amer aliikunja tena mikono yake, wakarudi ukumbini.

Sinia lililetwa. Gatluak alikuwepo, safari hii hakusimama nyuma ya Amer, alisimama karibu na dada yake kabisa, na Nyawal alisikia harufu ya baruti. "Kaka, nisamehe," alisema kwa lugha ya kwao, na wajumbe wakadhani anaomba dua. Akamega asida, akachovya, akatia mdomoni. Amer naye akamega. Walitafuna wakitazamana, hata Fred akasahau kupiga makofi. Nyawal alipogeuka, Gatluak alikuwa amejifunika uso kwa viganja.

Jioni hiyo alimwambia Suzan mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni, bila kuvuka kizingiti.

"Mama, kwa nini?"

"Ili wodi ifunguliwe."

Suzan alilia, halafu akafungasha. Alikwenda kwa shangazi wa mumewe, mtaa wa Hai Mauna, na hakuchukua hata kijiko kutoka jikoni kwa mama yake. "Siyo kwamba sikupendi," alisema akiwa mbali. "Naogopa, mama." Nyawal alimjibu kwamba afanye vivyo hivyo, aogope. Mzee wa kutakasa mambo kama haya yuko mbali kijijini, na maji yamefunga njia. Mpaka maji yapungue, Nyawal haruhusiwi kumshika binti yake wala mtoto atakayemzaa.

Wateja walipungua. Wazee wa ukoo waliokuwa wakipitia chai walianza kupita upande wa pili wa barabara wakijifanya wana haraka, na chama kikamtumia kijana wa kumuuliza alilipwa nini na wale. Gatluak bado alikuja alfajiri, lakini hakuketi tena wala kuuliza kitu. Alisimama mbali na moto akimtazama kwa macho ya mtu aliyedanganywa, na Nyawal hakujua amwambie nini. Kuna siku alimmiminia chai hivyo hivyo. Ilipoa.

Mnyororo ukaondolewa wodini. Turubai likafungwa, likavuja kama alivyojua. Kule korongoni mafundi wakagongomea mbao, na watoto wakavuka wakirukaruka makusudi ili zitikisike.

Suzan alishikwa na uchungu mchana, jua likiwaka. Nyawal alipata habari kwa muuza mkaa, akaacha jiko linawaka, akakimbia. Mkunga alikuwepo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na kitanda kilikuwepo. Nyawal hakuingia. Alikaa nje kwenye tofali, chini ya dirisha, mgongo ukutani, akamsikiliza mwanawe akipiga kelele ndani. Kila kelele ilikuwa ya Nyaruot. Aliziba masikio, akayazibua, akaziba tena. Alimwomba Mungu wa kanisani na akawaomba wafu wake wote, mmoja mmoja kwa jina, wamchukue yeye.

Kivuli kilimwangukia miguuni. Ni Amer, viatu vina tope la korongo, mkononi ana chupa ya chai.

"Nimesikia," alisema. "Huku sitakaa kama hutaki."

"Kaa."

Amer alikaa kwenye tofali la pili. Alimimina chai kwenye kikombe kimoja cha bati. "Sina kingine. Nyumbani wamenitengea hiki. Vyombo vingine siruhusiwi kugusa." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida.

Nyawal alikunywa nusu, akamrudishia. Amer akamalizia. Katika Juba yote, kila mmoja wao alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu wa kunywa naye.

Kelele za ndani zilikatika. Kimya kikawa kirefu mpaka Nyawal akamshika Amer mkono na kuuminya kwa nguvu, na Amer hakuuondoa. Kisha mtoto akalia, sauti kavu, ya hasira. Ndani wanawake wakapiga vigelegele. Nyawal aliinuka, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, akasimama. Alirudi, akakaa.

"Mvulana au msichana?" Amer aliuliza.

"Sijui."

Wakakaa pale waheshimiwa wawili, wakingoja mtu yeyote apite, wamwombe aingie kuwaulizia.