Uongo Tuliompelekea Wakili

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hasira inanipanda mpaka leo, hata uzee haujaipoza. Sikupenda kuisimulia. Lakini jana nimekusikia ukimwambia mwenzio kwamba kesi yako ya shamba la Kasekese umempa yule kijana anayeshinda nje ya mahakama, kwa kuwa anavaa suti na anaongea haraka, na kwamba utamweleza yale tu yanayokufaa wewe. Kaa hapo. Hiyo simu iweke chini. Leo utanisikiliza mimi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, reli ya kutoka Kaliua ikiwa bado mpya hapa Mpanda, na Wazungu wa mgodini wakichimba madini ya risasi. Nilikuwa mke kijana, nina mimba ya kwanza. Mume wangu, Maganga, alikuwa mrina asali. Siku moja alipeleka nta kwa mwenye duka mmoja wa mjini, wakagombana kwa ajili ya mizani. Maganga alikuwa mwepesi wa kusema. Akatamka mbele ya watu wote waliokuwa pale, "Duka hili nitalichoma."

Alfajiri ya kesho yake duka likaungua. Askari walipofika kwetu asubuhi, walimkuta Maganga ndiyo kwanza anaingia uani, nguo zinanuka moshi. Wakamfunga pingu mbele yangu.

Mimi nilijua ule moshi ni wa nini. Yeye na mdogo wake, Paulo, walikuwa wametoka porini kuwinda. Walilala huko wakikausha nyama ya pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, juu ya moto. Walikuwa na gobore ambalo halikuwa na kibali, na gobore lenyewe lilikuwa la baba yao, yaani baba mkwe wangu. Basi siku ile ile mzee akatuita wote na kutoa amri: atakayeulizwa aseme Maganga alilala nyumbani. Akamfikishia Maganga amri hiyo huko huko mahabusu. Alitaka kuliokoa gobore lake, na alitaka kumwokoa Paulo, ambaye alimpenda kuliko watoto wake wote. Huyo mwingine aliyekuwa ndani, aliona Mungu atamsaidia.

Kisha akatafuta mtu wa kumtetea. Unajua alimpata wapi? Nje ya boma la serikali, palepale walipokaa waandishi wa barua za maombi. Mmoja wao alikuwa na tai na mkoba, akasema anajua sheria yote ya Kiingereza. Baba mkwe hakumuuliza amesoma wapi, wala ni kesi gani amewahi kuisimamia. Alimpa mbuzi, akampa na debe la asali. Yule bwana akatuambia tutulie, kila kitu anakishughulikia. Tukatulia. Siku ya kesi kutajwa hakuonekana. Tulipokwenda kumuuliza, akasema kesi kama hizi zinataka uvumilivu. Ikatajwa tena, hakuonekana tena. Baadaye ndipo karani wa boma alipotuambia kwamba mtu yule si wakili, na kwamba hata angekuja, hakimu asingemruhusu kusema neno.

Miezi ilikuwa imeshapita. Katika miezi hiyo nilijifungua mtoto wa kiume. Surua ikamchukua kabla hajajifunza kukaa. Baba yake hakumwona. Mimi na wakwe zangu tulimzika mtoto, huku mume wangu akiwa nyuma ya ukuta wa mahabusu, umbali ambao mtu anatembea bila kuchoka. Ndiyo maana nakwambia kaa hapo unisikilize.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa reli Tabora. Alipokuja msibani na kusikia habari yote, hakuuma maneno. Alimwambia baba mkwe, "Mnacheza na miaka ya mtu. Tabora yuko wakili wa kweli, amesimamia kesi za moto tangu kabla ya vita. Njooni kwake. Chukueni karatasi ya mashtaka. Kaeni kwanza mkumbuke mambo yalivyofuatana, nani aliona nini, ili msije mkamtolea macho tu."

Tukapanda treni, mimi na baba mkwe. Wakili alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Ujiji, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu. Alisoma karatasi ya mashtaka polepole, akaivua miwani.

"Usiku ule kabla ya moto, mwanao alilala wapi?"

"Nyumbani," akasema baba mkwe.

"Nani alimwona?"

"Mkewe huyu."

Wakili akanigeukia. Elewa, mwanangu, kwetu mke wa mtu hakuwa akimtazama baba mkwe usoni, sembuse kumpinga mbele ya mgeni. Nilikuwa nimekaa chini pembeni, kichwa nimekiinamisha.

"Mama, ulimwona?"

Baba mkwe akakohoa. Nikamkumbuka mwanangu niliyemzika, nikainua kichwa. Nikasema, "Hakulala nyumbani."

"Wewe mwanamke, nyamaza," baba mkwe akasema.

"Mzee, mwache," wakili akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mnalosema humu ndani halitoki nje bila ruhusa ya mwanao mwenyewe, maana ninayemtetea ni yeye. Lakini mwendesha mashtaka atamuuliza mama huyu swali hili hili mbele ya hakimu. Atamgeuza na kumgeuza mpaka aanguke. Unataka nisimame na uongo wako mkononi, nimfunge mwanao kwa mdomo wangu mwenyewe?"

Nikasema yote. Pori, pofu, moshi, gobore, Paulo. Baba mkwe akainuka akatoka nje, hakurudi. Wakili akaniuliza kama kuna mtu wa nje ya familia aliyewaona. Nikamwambia yuko mama mmoja wa Kabungu, alfajiri ile walipitia kwake kuomba maji wakamwachia kipande cha nyama. Wakili akauliza Kabungu ni mbali gani na duka lililoungua. Nilipomjibu kwamba ni mwendo wa saa kadhaa kwa miguu, akaweka karatasi chini, akasema, "Mama, kwa nini hamkuja mapema?"

Swali hilo ndilo ninalotembea nalo.

Alikwenda mahabusu akazungumza na Maganga, na Maganga akakubali kweli isemwe. Yule mama wa Kabungu alisimama mbele ya hakimu akasema aliyoyaona, wala hakuyumba. Kesi ya moto ikafutwa. Maganga na Paulo wakashtakiwa kwa kuwinda bila kibali, wakakaa ndani muda mfupi, na gobore likachukuliwa. Baba mkwe hakunisemesha tena mpaka alipokufa. Aliwaambia watu kwamba nimeuza silaha ya ukoo. Mimi sikumwomba radhi siku ile, na siombi leo.

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu. Yule kijana wa nje ya mahakama mwache. Tafuta wakili aliyesajiliwa, mwenye miaka katika kazi, tena aliyewahi kusimamia kesi za ardhi, si mjuzi wa kila kitu. Ulizia kwa watu aliowatetea. Muulize yeye mwenyewe kama atasimama mahakamani au atamtuma mwingine, na malipo mkubaliane kabla hajaanza, kwa maandishi. Kabla ya kwenda kwake, keti ukumbuke mambo tangu mwanzo, ujue nani aliona nini, na chukua kila karatasi uliyonayo, hata ile unayoiona mbaya. Hasa ile unayoiona mbaya. Na ukishafika, mwambie lile unalolionea aibu kwanza, kabla hujamwambia jambo jingine lolote. Adui yako analijua tayari. Wakili wako asiwe wa mwisho kulisikia. Na usisubiri. Nenda wiki hii.

Mungu akutangulie huko uendako, ayafungue masikio ya hakimu. Haki ikiwa yako akupe yote. Ikiwa si yako, akupe moyo wa kuiachia mapema. Hasira hii ibaki kwangu niliyeizoea. Wewe nenda na amani.