Sifa Nilizozikata

Kazi yangu katika duka moja la filamu na nyimbo hapa Migori ni kutoa sauti ndani ya video za simu za zamani. Mtu akisikia hivyo hudhani nimesomea jambo kubwa. Nilimaliza kidato cha nne kwa alama ambazo mamangu alizitazama mara moja, akairudisha karatasi ndani ya bahasha. Haya mengine nimejifunza kwa kubonyeza na kukosea. Video za simu zile za vibonyezo zina ukungu, na sauti yake ni kama ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya debe. Redio ndogo za memori kadi, ambazo akina mama wengi wa huku wanazo jikoni na shambani, haziwezi kuzicheza. Zinataka MP3. Kwa hiyo naitoa sauti peke yake, naipandisha, napunguza ule mkwaruzo, halafu naigeuza iwe kitu ambacho redio inakielewa.

Inachosha, na hakuna anayeamini, kwa sababu nimekaa kwenye kiti. Sekunde kumi unazirudia mara ishirini. Ikifika saa tisa alasiri masikio yamejaa kama ya mtu aliyepiga mbizi. Wakati huo hujituliza kwa kuwaza studio yangu, yenye magodoro ukutani na kipaza sauti kimoja kizuri. Hata rangi ya mlango nimeshachagua.

Dukani tuna desturi yetu. Video nyingi tunazoletewa ni za sherehe, na katika sherehe za Wajaluo muziki hauendi mbali kabla mtu hajausimamisha. Anainua mkono, ngoma inanyamaza, naye anaanza kujisifu na kuwasifu watu wake: yeye ni nani, ameoa wapi, nani akimwona hubadilisha njia. Tunaita pakruok. Uwanjani ni utamu mtupu. Lakini mteja anayetaka kucheza wimbo nyumbani hulalamika kwamba umekatizwa na kelele za walevi. Basi tukazoea kuyaondoa maneno hayo bila hata kuuliza.

Ijumaa moja mchana nilikuwa peke yangu. Mwenye duka, mfanyabiashara aliyekuja hapa kutoka mbali, alikuwa ameenda msikitini. Akaingia mama mmoja wa makamo kutoka Karungu, ameshika simu iliyofungwa kwa raba ili betri isidondoke. Alisema ndani kuna video moja tu, ya siku walipohamia boma lao jipya, mumewe akiwa bado hai.

"Nataka isikike kwa redio yangu, nyara," akasema. Nyara, yaani binti yangu.

Nikamwambia aende sokoni, akirudi atakuta tayari.

Nilikuwa nimechoka tangu asubuhi, nikaiacha mikono ifanye inavyojua. Niliihamisha ile video kutoka kwa memori kadi ya simu yake badala ya kuinakili, maana kadi zile ni ndogo na tunapenda zibaki na nafasi. Nikavaa hedifoni. Mwanamume mmoja alisimamisha ngoma mara tatu. Kila mara niliweka alama alipoanza na alama alipomaliza, nikakata, nikaunganisha wimbo mpaka usingejua kwamba uliwahi kusimama. Nilijipongeza. Halafu nikavifuta vile vipande pamoja na video yenyewe, kwa sababu kompyuta yetu imejaa filamu na mwenye duka hapendi kuona uchafu. Na kwa kuwa yule mama alikuwa amenichangamkia, nikamjazia nyimbo za injili kwenye kadi mpaka ikashiba. Ilikuwa zawadi yangu kwake.

Jumatano akarudi, redio imefungwa ndani ya leso. Aliketi kwenye benchi, akaicheza mpaka mwisho, akaniuliza kama inaishia hapo. Nikasema ndiyo. Akaniuliza mzee wake yuko wapi.

Nikamwambia kweli, kwamba nilimkata. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Alinieleza tu. Siku ya ile sherehe alikuwa jikoni nyuma ya nyumba akisonga ugali wa wageni. Akasikia ngoma imenyamaza, halafu watu wakicheka. Baadaye wanawake wakamwambia mumewe amemsifu mbele ya watu, lakini hakuna aliyekubali kumwambia maneno yenyewe, walimtania tu. Alipomuuliza mume, mume akasema maneno ya ngoma hubaki kwenye ngoma. Shemeji yake, aliyeshika simu siku hiyo, alimrushia video kwa bluetooth, ila spika ya simu ya huyu mama ilikuwa imeshakufa. Kwa hiyo miaka yote, na hata baada ya kumzika, alikuwa akitazama midomo ya mumewe ikisogea. Alikuwa hajawahi kusikia alichosema.

Nilijaribu kuirudisha. Kuna programu za kufukua faili zilizofutwa, na nilizijaribu zote nilizozijua. Kadi ilinitolea kwaya juu ya kwaya. Kila mahali palipokuwa na ile video palikuwa pamekaliwa na nyimbo zangu za zawadi. Kompyuta nayo ilikuwa imeshashindiliwa filamu mpya. Mwenye duka alitazama begani kwangu, akasema polepole, "Ungemwachia kadi tupu, labda tungeipata." Alisema kwa upole, na hapo ndipo nilipohisi uzito wa nilichofanya.

Jumapili nikaenda Homa Bay kumtafuta huyo shemeji. Zamani alikuwa mvuvi kwenye kisiwa cha Remba, sasa anashona nyavu nyumbani kwake, juu kwenye mlima nyuma ya mji. Nilipanda nikihesabu mawe ili nisihesabu makosa. Alinipa chai, akanisikiliza, akacheka bila ubaya. Simu ile aliyochukulia video ilizama ziwani kule Takawiri, akasema, wakati anashuka kwenye boti. Nikamuuliza kama anakumbuka maneno. Akaacha kushona, akafikiri kwa dhati.

"Watu walicheka," akasema. "Mimi nilikuwa natazama betri, mwanangu. Niliogopa itazima."

Nilishuka ule mlima. Mimi ni mtu wa kucheka ovyo, waulize wanaonijua, lakini siku ile sikuwa na kicheko hata cha kukopesha.

Jumatatu niliomba ruhusa nikaenda Karungu. Nilimkuta yule mama ufuoni, ameanika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye nyavu kuukuu, anaigeuza kwa fagio. Nikamwambia simu ya shemeji yake ilizama, kadi imeshindikana, kompyuta imeshindikana. Hakusimamisha fagio. Alifika mwisho wa wavu, akageuka.

"Wewe uliisikia?"

"Niliisikia, mama."

"Vizuri? Na vile vitu vya masikio?"

"Vizuri."

Akaliweka fagio chini. "Basi niambie."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimesikiliza kama mtu anavyotazama magugu, kujua tu yanaanzia wapi. Nikafumba macho. Mara ya kwanza alikuwa akijisifu kwa ng'ombe na ukoo. Ilikuwa imenitoka yote. Mara ya tatu alikuwa akitaja marafiki. Ya pili kidogo ilikuwepo, kwa sababu alianza kabla ngoma haijanyamaza sawasawa, ikanibidi niirudie mara nyingi ndipo nikate pasafi. Nikamwambia kwa Dholuo, kama ilivyokuwa: yeye ni mume wa mwanamke ambaye mvua ikimkuta njiani na kuni kichwani, husubiri kwanza afike nyumbani.

Akanisogelea.

"Alisema kuni?"

"Alisema kuni, mama."

"Alikuwa amelewa?"

"Kidogo."

"Kidogo," akarudia, kama anayelionja neno. Kisha akasema kwamba wiki ya ile sherehe mvua ilimkuta kweli, akiwa na mzigo wa kuni. "Na haikunisubiri hata dakika. Ilinipiga mpaka kwa mifupa. Nafika, yeye yuko ndani anaota moto, anauliza chakula. Siku tatu sikumsemesha. Nilipika sherehe yake nikiwa nimenuna."

Akacheka peke yake, akajifuta uso kwa nyuma ya kiganja, magamba madogo ya omena yakabaki yanametameta shavuni.

"Mjinga huyu," akasema. "Si angekuja tu jikoni aniambie."

Akaniomba niseme tena, polepole, nipumue pale alipopumua mumewe. Sehemu hizo nilizijua. Nikasema, nikasimama aliposimama, nikaendelea alipoendelea. Akaokota fagio akanipa, yeye akatumia mikono, na tukaanza wavu wa pili. Tulipofika katikati akaniambia niseme tena.