Nilimchora Dada Yangu Bila Uso

Nilikosea. Nasema mapema ili anayesubiri nijitetee asipoteze muda wake. Ila nilimkosea mtu mmoja tu, na mtu huyo si shemeji yangu!

Mimi nachora katuni, hapa hapa Arusha. Nawachora wachoraji wenzangu: yule anayevaa skafu kwenye joto akishaona mzungu, yule anayehamisha picha ya mwenzake ili yake itazame mlango. Maana kwenye maonyesho yetu vita yote ni ukuta. Ule unaotazama mlango ni wa wakubwa. Sisi wengine tunatundikwa kwenye korido ya kwenda chooni.

Mkubwa kuliko wote ni shemeji. Picha zake za mashamba ya kahawa chini ya Meru zinasifiwa hadi inakera. Siri tuliijua watatu tu: anayezichora ni dada yangu, nyumbani kwao Kikwe, kwenye chumba cha nyuma wanakoweka mahindi. Shemeji anaweka saini. Na saini yenyewe kubwa hiyo!

Kusaidiana kupo sana kwenye kazi yetu, mmoja anaweka mandhari, mwingine anamalizia watu. Lakini picha nzima, miaka yote?

Dada ndiye aliyenifungulia moyo. "Mdogo wangu, tulia. Safari hii naleta picha yangu, nimesaini mwenyewe, na nafasi nimeshaomba. Watu waione kwanza, mengine nitayasema mimi siku ya ufunguzi."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kabisa!

Siku mbili kabla ya ufunguzi ukatoka mpangilio wa kuta. Shemeji, mlangoni. Mimi, korido kama kawaida. Damu ikanichemka! Nikachora katuni: shemeji kichwa kimevimba, anasaini picha huku anapigiwa makofi, na chini ya meza umechomoza mkono wa mwanamke wenye bangili za shanga, umeshika brashi. Nikaituma kwenye grupu la wachoraji. Nikajiambia namtetea dada. Uongo mtupu! Nilikuwa nautaka ule ukuta.

Siku ilipofika kila mtu alikuwa ameshaiona. Shemeji alicheka nao, akasema mke wake huwa anamsaidia kupaka rangi, wakamwamini. Dada akaingia na picha yake, mama mmoja akiuza mbuzi mnadani. Mchoraji mmoja akapaza sauti, "Asee, Mkono huyo kafika!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jamani! Hakuna aliyeitazama picha. Ilikuwa bora kuliko zote mle ndani, na hayo nayasema mimi mwenye wivu.

Dada akatoka na picha yake, nikamkimbilia nje. "Dada, nilimchora yeye, siyo wewe."

Akaniangalia. "Yeye amenifuta jina. Wewe ulikuwa na karatasi nzima, ukanichora mkono. Hata uso umeshindwa kunipa?"

Alirudi Kikwe na picha yake, na mpaka leo hajashika brashi. Nikienda kumsalimia, shikamoo yangu anaiitikia akiwa ameshika mlango, hanikaribishi ndani. Inaniuma, siwezi kuficha.

Shemeji naye hana picha mpya tangu siku ile. Anawaambia watu anapumzika!

Viongozi wa wachoraji wamenitoa kwenye grupu, wanataka nimwombe radhi kwa maandishi. Siandiki! Mtu aliyekula sifa za mkewe miaka kumi na moja hapati samahani yangu, na korido yao wabaki nayo. Katuni nitachora mpaka wanichoke.

Nanyi mnaowachora wakubwa, endeleeni, tuko pamoja. Ila ukijiona unamtetea mtu, nenda kwanza kamuulize kama yuko tayari, na akikwambia bado, weka kalamu chini. Dada yangu alivumilia miaka yote hiyo. Mimi aliniomba nivumilie mpaka siku ya ufunguzi tu.