Mbao za Jeneza la Lazarus

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Lazarus Osundwa anasimama kando ya kisiki kikubwa katika msitu wa Kakamega, daftari mkononi, uso ameuelekeza juu. Anamsubiri kasuku.

"Nakujanga hapa kabla ya chai," ananong'ona. "Nikichelewa, anapita bila mimi kumuona. Na amebaki mmoja tu."

Mwaka 1991, alipoanza kazi ya kutembeza wageni msituni, alihesabu kasuku tisa wa kijivu wenye mkia mwekundu. Mwaka jana aliwaona wawili. Tangu Machi mwaka huu wa 1997, daftari lina moja, moja, moja, na siku nyingine sifuri.

Huwaleta wageni kwenye kisiki hiki mwisho wa matembezi. Hapo huwasimulia alichofundishwa na mtafiti mmoja: kwamba mara tano viumbe wengi wa dunia wamewahi kufutika. Kuna walioangamizwa na baridi kali, kuna waliomalizwa na volkano, na dinosaria wakamalizwa na jiwe kubwa lililotoka angani. Wageni hupiga picha, hushukuru, wakaenda zao. Lazarus hawaambii ni nani aliyeukata mti wa kisiki hicho.

"Ni mimi," anasema.

Kwa miaka kumi na minne Lazarus, ambaye sasa ana umri wa miaka 58, alikuwa mpasua mbao. Yeye alisimama juu ya gogo, mwenzake Titus akiwa shimoni anakula vumbi, msumeno mmoja kati yao. Nao walikuwa na utaratibu wao, tena wa huruma: mti wenye tundu ndio ulioangushwa kwanza.

"Tulisema huu ni mgonjwa, tukate huu, ile mizima tuache. Tulidhani tunasaidia msitu! Kumbe kasuku hajenganga kiota. Anataganga kwa tundu ya mti mzee. Tulimaliza nyumba zao zote."

Anapangusa macho kwa mkono wa shati.

"Ile jiwe haikujua inaangukia nani. Hata mimi sikujua. Lakini mimi niko na masikio. Kasuku walilia hapa juu siku tatu."

 

Nyumbani kwake Shinyalu, mkewe Pascalia ananionyesha darini. Hapo zilikaa mbao tisa za mti ule ule, alizojiwekea Lazarus kwa ajili ya jeneza lake, maana kwa wapasua mbao ni aibu kuzikwa kwa mbao za kununua. Aprili alizishusha sita, akaunda sanduku lenye tundu la duara, kasuku apate pa kutagia.

"Nilimuuliza, Baba Musimbi, siku yako ikifika tutakuzika na nini? Akaendelea tu kupiga misumari," anasema Pascalia.

Sanduku hilo sasa linaning'inia kwenye mti unaotazamana na kisiki. Titus ndiye aliyelivuta kwa kamba.

Asubuhi ile kasuku alikuja. Alipiga mluzi, akalizunguka sanduku mara moja, akapita. Lazarus aliandika moja.

Nilimuuliza ndege mmoja ataanguaje vifaranga.

"Najua. Lakini watu wa Nandi wananiambianga huko kwao wako wengine. Labda ataenda atafute mwenzake. Akirudi naye, apate nyumba iko."

Anapanga kuunda sanduku la pili kabla ya Krismasi, kwa mbao tatu zilizobaki.

"Na wewe, mzee?"

"Mimi wanizike na mkeka tu. Mimi niko na watu wa kunililia."